Kabla Mzinga Haujajaa

Mwishoni mwa Machi, katika miombo ya Sikonge, mti wa muba ukiwa kwenye maua, nilifungua mzinga wa sanduku ambao majuma matatu nyuma niliuacha mwepesi. Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya miti. Nilipuliza moshi mlangoni, nikasubiri kidogo, nikainua mfuniko. Juu ya viunzi nyuki walikuwa wamejenga vipande vya nta mpya, nyeupe pee, mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu. Viunzi vya pembeni vilikuwa vizito kwa asali, na hilo lilinifurahisha. Kilichonishtua ni kiunzi cha katikati. Pale malkia alipotakiwa kutaga palikuwa panang'aa mbochi, maji matamu ya maua: kila kitundu ambacho nyuki mchanga ametoka kilikuwa kimejazwa chakula kabla malkia hajakifikia. Kwenye ukingo wa chini wa sega vilining'inia vikombe vitano vya malkia. Vinne vilikuwa na ute mweupe na funza aliyenona. Cha tano kilikuwa kimebakiza tundu dogo tu kizibwe.

Nilikuwa nimekuja na sanduku jipya nyuma ya baiskeli. Nikaliweka juu, nikafunga, nikaondoka nikijiona nimewahi. Siku mbili baadaye bumba lilikuwa limeshatoka na malkia mzee, kiasi cha nusu ya nyuki wamemfuata, na ndani ya sanduku langu hapakuwa na nta ya kujaza kizibo cha chupa.

Lini kundi la nyuki liongezewe nafasi? Karibu kila anayeanza kufuga hupewa jibu moja: ongeza mzinga ukijaa. Jibu hilo ndilo lililonigharimu bumba lile. Mzinga ukishajaa, uamuzi umekwisha kupitishwa, na waliopitisha ni nyuki wenyewe. Mfugaji anatakiwa kuhesabu kinachokuja: majana, yaani watoto wa nyuki, yaliyozibwa ndani ya mzinga, na miti inayojiandaa kuchanua nje yake. Vingine vyote, hata vile vinavyoonekana kwa macho kutoka mbali, ni ushahidi wa pembeni.

Neno lenyewe "kujaa" lina mtego. Mzinga unaweza kujaa nyuki na bado malkia akawa na pa kutagia. Unaweza kujaa asali pembeni na kiota kikabaki kimetulia. Hatari iko pale asali inapoingia kiotani. Mbochi inapomiminika kwa wingi kuliko ghala lililopo, nyuki hawaachi kuleta. Wanaiweka popote penye kitundu kitupu, na vitundu vitupu vilivyo karibu zaidi ni vile ambavyo watoto wametoka asubuhi ile. Malkia anazunguka akitafuta pa kutagia, hapati. Nyuki wachanga, ambao kazi yao ni kulisha majana, wanabaki na ute bila wa kumlisha. Kundi lenye walezi wengi na majana machache machanga ndilo linaloelekea kulea malkia wapya. Kwa hiyo ukifungua mzinga, tazama kwanza katikati. Je, vitundu vilivyoachwa na watoto vina mayai, au vinang'aa? Swali hilo moja linasema mengi kuliko kuhesabu nyuki waliotapakaa juu ya viunzi.

Kuna jambo jingine kuhusu mbochi ambalo wengi wetu hatulifikirii kwa sababu tunaiona asali ikiwa imeshaiva. Mbochi ni maji kwa sehemu kubwa. Chukua mbochi yenye sukari asilimia 30: ili kupata kilo moja ya asali iliyoiva, nyuki wanapaswa kuingiza kilo 2.7 hivi za mbochi, na kuipepea yote mpaka maji yaliyozidi yaondoke. Tena hawakijazi kitundu mpaka juu siku ya kwanza. Huitandaza kidogo kidogo kwenye vitundu vingi ili ikauke upesi. Maana yake ni kwamba katika siku za mbochi nyingi, kundi linahitaji masega matupu maradufu ya yale yatakayobaki na asali mwisho wa msimu. Mfugaji anayesema "sanduku la kwanza bado halijazibwa, kwa nini niongeze la pili?" anapima ghala kwa mavuno yaliyokwisha kukauka, ilhali nyuki bado wako uwanjani wanaanika.

Huko Marekani, mtafiti Thomas Rinderer na wenzake walionyesha katika miaka ya 1970 kwamba masega matupu yenyewe huwachochea nyuki kukusanya zaidi. Nimeona wafugaji wakilichukua jambo hili kama ruhusa ya kupandisha masanduku mawili kwa mkupuo. Lakini waangalie neno hilo: masega. Sanduku lenye viunzi vitupu, au vyenye karatasi ya nta tu, halina pa kuweka hata tone. Ni kiwanja, bado si nyumba. Kukijenga kunadai nyuki wa umri wa siku 12 hadi 18 hivi, ambao tezi zao za nta ndiyo kwanza zimekomaa, na kunadai asali nyingi: vitabu vya ufugaji hutaja kilo 6 hadi 8 kwa kila kilo ya nta. Ndiyo maana sanduku lenye masega yaliyohifadhiwa vizuri kutoka msimu uliopita laweza kuwekwa hata mbochi ikiwa imeshaanza, wakati sanduku la viunzi vitupu linatakiwa liwe juu mapema, mbochi inapoanza kuingia kidogo kidogo. Mimi mwenye masega machache huyagawa kama mbegu: mawili katika kila sanduku, katikati, ili nyuki wapande wakute pa kuanzia. Na wavu wa kumzuia malkia siuweki siku hiyo. Nyuki husita kuuvuka kwenda mahali pasipo na kitu, kwa hiyo nangoja waanze kujenga juu.

Sasa twende kwenye hesabu ya majana, kwani hapo ndipo penye uamuzi.

Yai la kibarua hukaa siku tatu, funza hulishwa siku tano au sita, kisha kitundu huzibwa. Nyuki wa Ulaya hutoka siku ya 21. Wa kwetu hutangulia kidogo, siku ya 20 au kabla yake. Majana yote yanayoonekana yamezibwa leo yatakuwa nyuki wenye mabawa ndani ya siku 12. Kiunzi kirefu cha mzinga wa masanduku uitwao Langstroth kina vitundu vinavyokaribia 7,000 kwa pande zote mbili, na vya nyuki wetu, ambavyo ni vidogo, huzidi hapo. Nyuki wanaokifunika kiunzi hicho kwa kutembea juu yake ni 2,000 na kidogo. Ndipo ilipotoka kauli ya wafugaji kwamba kiunzi kimoja cha majana yaliyozibwa vizuri hutoa viunzi viwili vya nyuki, mara nyingi zaidi.

Weka mizinga miwili kando kwa kando. Wa kwanza una viunzi sita vilivyofunikwa na nyuki, na vinne kati yake vimejaa majana yaliyozibwa. Wa pili una viunzi tisa vya nyuki, lakini majana ni kiganja kimoja, yametawanyika. Anayefuata kanuni iliyozoeleka, ile ya kuongeza viunzi saba au vinane kati ya kumi vikifunikwa, ataupa nafasi wa pili na kuunyima wa kwanza. Juma moja na nusu baadaye wa kwanza utakuwa unafurika, hata ukitoa wazee wanaokufa porini, na wa pili utakuwa unapungua huku ukilinda jumba usiloliweza. Kanuni ya saba kati ya kumi si mbaya. Inafaa mahali ambapo mfugaji anapita kila juma na majana yanakwenda sambamba na nyuki. Kwa sisi ambao manzuki, yaani mahali pa mizinga, iko mbali, na nyuki wetu hawavumilii kufunguliwa funguliwa, lazima uamuzi wa leo ujibu hali ya siku 12 zijazo, maana huenda hatutarudi kabla ya hapo. Kikombe cha malkia huzibwa karibu siku ya nane tangu yai litagwe, na bumba hutoka siku hizo hizo. Anayekagua mara moja kwa mwezi hawezi kulifukuzia bumba kwa nyuma.

Mbona basi tusiongeze nafasi mapema kabisa, tukalala usingizi?

Kwa sababu ya nyuki tulionao. Thomas Seeley, aliyechunguza nyuki wa asili ya Ulaya katika misitu ya Marekani, alikuta mabumba yakipendelea shimo la lita 40 hivi, na sanduku moja refu la Langstroth lina karibu kiasi hicho hicho. Nyuki wa savana zetu, ambaye wataalamu humwita Apis mellifera scutellata, huridhika na nyumba ndogo kuliko hiyo. Utamkuta kwenye tundu la mti, kwenye kichuguu, kwenye mwanya wa jabali, hata ananing'inia tawini bila paa. Huzaliana upesi na hutoa mabumba akiwa bado kundi dogo. Sanduku moja kwake ni jumba. Mawili akiwa mchache ni ukumbi mtupu. Majana yanahitaji joto la nyuzi 34 hadi 35, na joto hupanda juu. Tabora joto la nje linasaidia, lakini Njombe au Lushoto mwezi wa saba, au Kinangop upande wa Kenya, sanduku tupu juu ya kundi changa ni dirisha lililoachwa wazi usiku kucha.

Kisha wapo maadui. Sega lisilo na nyuki wa kulilinda ni la nondo wa nta. Mende mdogo wa mizinga, ambaye asili yake ni Afrika hii hii kusini mwa Sahara, anaishi ndani ya karibu kila mzinga wetu bila kuleta balaa, kwa kuwa nyuki wanamsukuma pembeni na kumchunga. Mpe pembe zisizochungwa, atataga. Na hapa ndipo tofauti kubwa na vitabu vya Ulaya inapojitokeza. Nyuki wa Ulaya, akizidiwa, hana pa kwenda, kwani nyuma yake kuna baridi ya miezi mingi itakayomuua njiani. Wa kwetu anajua kwamba mahali fulani, ng'ambo ya mto, kuna mti uliochanua. Akiona nyumba haikaliki anakusanya alichonacho na kuhama, kundi zima, malkia mbele ya macho yako. Kwa hiyo kosa la kuchelewa linakugharimu nusu ya nyuki, na kosa la kuwahi mno laweza kukugharimu wote. Hukumu yangu, baada ya kupoteza kwa njia zote mbili, ni kwamba kundi lenye viunzi vinne au zaidi vya majana yaliyozibwa ni heri kuliwahi. Lenye pungufu ya hapo ni heri kulisubiri, hata kama majirani wameshapandisha masanduku.

Ishara inayowapotosha watu wengi ni ndevu: nyuki waliojazana mlangoni na kuning'inia chini ya ubao kama kishada. Wanaoona kwa mara ya kwanza husema mzinga umefurika. Tabora mwezi wa kumi, kabla mvua haijaanguka, karibu kila mzinga uliopigwa na jua huota ndevu, na ndani yake pengine majana ni haba. Nyuki wametoka ili hewa ipite. Kabla ya sanduku, wape kivuli: nyasi juu ya mfuniko, au uhamishie mzinga chini ya mti. Halafu nenda alfajiri. Ndevu za joto huingia ndani usiku unapopoa, na asubuhi ubao wa mlango unaukuta mweupe. Ndevu za msongamano unazikuta pale pale zimelala nje, zina umande. Safari hiyo ya alfajiri inachosha, lakini hainiongopei, na haihitaji moshi.

Mkono nao unasema. Inua upande wa nyuma wa mzinga kidogo tu, kila unapopita, mpaka mkono uzoee. Uzito unaoongezeka kutoka juma hadi juma unakuambia mbochi inaingia. Hauwezi kukuambia kama kiota kimebanwa, ila unakuambia ni mzinga upi ufunguliwe kwanza jioni ile, kabla nyuki hawajachoshwa na moshi.

Upande wa nje ya mzinga, kalenda ni ya miti. Yai linalotagwa leo litakuwa nyuki baada ya siku 20, na nyuki huyo atafanya kazi za ndani majuma mawili au matatu kabla hajaenda porini. Jumla ni siku 40 hivi. Nyuki wanaovuna muba wa mwisho wa Februari walitagwa katikati ya Januari, wakati mvua inanyesha na mfugaji hana hamu ya kwenda msituni. Kumbe nafasi ina nyakati mbili. Ya kwanza ni ya malkia, majuma sita kabla ya maua, na aghalabu haidai sanduku jipya. Inadai kuondoa masega makuukuu meusi na asali ya zamani iliyozidi katikati, ili apate pa kutaga. Ya pili ni ya ghala, maua yanapofunguka. Anayekumbuka ya pili tu anajenga ghala la wakulima ambao hawakuzaliwa. Na kwa mti wa mtundu, unaochanua kiangazi kuelekea mvua za kwanza, hesabu inaanzia Julai au Agosti. Kitui na Makueni, ambako migunga huchanua kwa kufuata misimu miwili ya mvua, mfugaji anahesabu mara mbili kwa mwaka, na kwa miti mingine kabisa. Tarehe iliyoandikwa kitabuni haitakusaidia. Matumba ya mti ulio jirani yatakusaidia.

Haya yote nimeyasema kana kwamba kila mzinga unaongezeka kwa kupandishwa. Wengi wetu hatuna mizinga ya namna hiyo.

Mzinga wa vipau vya juu, uliotengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ushirikiano na Wakanada na ukaenea kwa jina la KTBH (Kenya Top Bar Hive), una urefu wake na basi. Vipau vyake vina upana wa milimita 32, kipimo kinacholingana na nafasi ambayo nyuki wetu huacha kati ya sega na sega. Humo nafasi huongezwa kwa kwenda pembeni. Bumba jipya nalipa vipau nane au kumi, nyuma yake naweka ubao wa kufunga, na kadiri masega yanavyokamilika nausogeza ubao. Kundi likiwa na nguvu naweza kuingiza kipau kitupu katikati ya masega mawili ya majana yaliyonyooka, na malkia akapata sega jipya katika siku chache. Ila ukilifanya hilo kwa kundi dogo, au usiku wa baridi, umekikata kiota vipande viwili. Na ukiweka kipau kitupu kati ya masega ya asali ambayo hayajazibwa, nyuki watayanenepesha yale ya zamani badala ya kujenga jipya, nawe utavunja yote siku ya kurina. Ubao ukifika ukutani, hakuna sanduku la kupandisha. Njia iliyobaki ni kurina: masega mawili matatu ya mwisho yaliyozibwa, katikati ya msimu, bila kungoja mzinga mzima. Katika mzinga huu kurina ndiko kuongeza nafasi, na anayesubiri avune kwa siku moja kubwa anakuwa amewafungia nyuki mlango miezi miwili.

Mzinga wa gogo hauna hata ubao. Mzee aliyenifundisha kurina alikuwa na magogo yake yaliyotapakaa msituni siku mbili za mwendo, na karibu nusu yake yalikuwa matupu nyakati zote. Nilidhani ni uzembe. Nilipomuuliza mbona hayaondoi, akanijibu, "Mwanangu, nafasi yao mimi naitundika kwenye mti mwingine." Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa amelijibu swali hili zima kwa namna yake. Yeye hakuzuia mabumba. Aliyategemea, na alihakikisha bumba likitoka kwenye gogo lake linakutana na gogo lake jingine, limepakwa nta, linanukia. Kwa mwenye magogo mengi hiyo ni busara kamili. Kwa mwenye masanduku manne yaliyonunuliwa kwa mkopo haiwezi kuwa njia pekee, lakini mzinga mtupu uliopakwa nta na kutundikwa jirani na manzuki kabla ya muba ni wa bei ndogo kuliko bumba lililopotea.

Na kuna makundi mawili ambayo hayahitaji nafasi hata yakionekana yanaihitaji. La kwanza ni lile ambalo vikombe vya malkia vimeshajazwa ute. Sanduku jipya haliwarudishi nyuki nyuma; unachoweza kufanya jioni ile ni kuligawa kundi, malkia mzee na viunzi kadhaa vya majana waende mzinga mwingine, ili walioamua kuondoka waone wameshaondoka. La pili ni lile linalojiandaa kuhama, na dalili zake ni kinyume: malkia ameacha kutaga, majana machanga hayapo, yaliyozibwa yanaachwa yatoke bila mengine kufuata, asali inalambwa. Hilo linataka upunguze nafasi, uliachie chakula, uangalie siafu na maji ya karibu.

Februari iliyofuata nilirudi Sikonge na masanduku mawili kwenye baiskeli, kwa mizinga mitatu. Mzinga wa kwanza ulikuwa mtulivu mlangoni, wala hauna ndevu. Ndani, viunzi vitano vya majana yaliyozibwa na mayai yamefuatana mpaka pembeni. Nilipandisha sanduku lenye masega mawili katikati. Wa pili ulikuwa na kelele na nyuki tele, majana kiganja kimoja, jua linaupiga tangu asubuhi. Niliufunika nyasi. Wa tatu nilikuta malkia anataga vizuri lakini masega meusi manne yamebanwa na asali ya mwaka jana katikati. Niliyatoa, nikaweka viunzi vitupu mahali pake, nikafunga. Sanduku la pili nililirudisha nyumbani likiwa tupu, na mtoto wa jirani akaniuliza njiani kama nyuki wamekataa.

Katikati ya Machi nililipeleka tena. Safari hii lilikuwa la mzinga wa tatu, na nilipoinua mfuniko, kwenye viunzi vyangu vinne vya Februari palikuwa na majana yaliyozibwa kutoka ukingo hadi ukingo, rangi ya chapati iliyoiva, na malkia anatembea juu yake.